Ekru Moja Ndani ya Moteri



Tangu gari la vikundi vyetu liliposimama, wamama wengi wanatuuliza swali moja: namna gani gari linaingia garaji kwa kubadilishiwa filtre ya hewa tu, kisha moteri yake inavunjika siku ile ile? Swali hili ni la haki, sababu pesa iliyolipa matengenezo ilitoka ndani ya makasha yetu. Tulienda kuuliza mafundi. Tuliangalia kwa macho yetu vyuma vilivyoharibika, vimepangwa juu ya meza. Leo tunajibu kwa maneno ya kila siku, ili hata mama asiyepata kufungua kifuniko cha gari aelewe.

Jibu fupi ni hili: ekru moja ilianguka mahali isipopaswa kuwa, na mtoto aliyeiona ikianguka aliogopa kusema.

Jambo lililotokea

Gari letu ni minibisi ya zamani ya mazuti. Vikundi vitatu vya wamama wa Katana vililinunua pamoja kwa pesa ya MUSO. Linabeba maharagi, mihogo, ndizi na sambaza za Kabamba mpaka Bukavu, safari ya kilomita kama 45, na jioni linarudisha sabuni, chumvi na mafuta kwa wamama wenye vibanda. Kwa mama anayeuza sambaza, gari hilo ndilo saa yake: likichelewa nusu siku, samaki wanaharibika na bei inaanguka.

Siku moja shofere alilipeleka katika garaji moja ya mjini, ambayo hatutaitaja jina. Filtre ya hewa ilikuwa imejaa vumbi. Fundi mkubwa alikuwa na kazi nyingine, basi alimwachia kijana anayejifunza kazi kwake, mtoto wa miaka kama 16. Kijana alifungua kifuniko cha filtre na bomba la hewa linaloingia ndani ya moteri. Alipokuwa anarudishia, ekru moja ilimtoka mkononi. Ilianguka ndani ya lile bomba. Akaingiza vidole, hakuipata. Akatafuta ekru nyingine katika kopo la vyuma vya zamani, akafunga, akasema, “Tayari.”

Moteri iliwaka bila shida, sababu ekru ilikuwa imelala pembeni ndani ya bomba. Shofere alilipa, akapakia mizigo, akaondoka. Karibu na Mudaka, mahali barabara inaporusha gari huku na huku, ekru ikasogea, hewa ikaivuta ndani. Shofere alisikia mlio kama mtu anayepiga sufuria kwa nyundo: ta, ta, ta. Alifikiri ni jiwe chini ya gari. Alisogea kidogo tena, kisha moshi ukatoka, nguvu ikaisha, gari likasimama na wamama saba ndani yake.

Kwa nini kitu kidogo kinaharibu kitu kikubwa

Ndani ya moteri kuna matundu ya mviringo yanayoitwa silinda. Ndani ya kila silinda kuna pistoni, inayopanda na kushuka kama mchi ndani ya kinu. Juu ya silinda kuna kifuniko kizito ambacho mafundi wanakiita kulasi. Katika kulasi kuna milango midogo, ndiyo supapu: mmoja unaingiza hewa, mwingine unatoa moshi.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Moteri ikiwa imewaka na gari limesimama tu, inazunguka mara kama 800 kwa dakika moja. Maana yake, kila pistoni inafika juu kabisa mara kama 13 kwa sekunde moja. Gari likikimbia, moteri ikizunguka mara 3000 kwa dakika, pistoni inafika juu mara 50 kwa sekunde. Mama hawezi kumaliza kutamka neno “ekru” kabla pistoni haijaipiga mara kadhaa.

Na pale juu hakuna nafasi. Katika moteri ya mazuti, pistoni ikifika mwisho wa kupanda, nafasi kati yake na kulasi ni kama milimita 1 tu, pengine chini yake. Ekru inayofungwa kwa ufunguo namba 13, ile ya kawaida kabisa, ina unene wa milimita 6 na nusu. Kitu cha milimita 6 na nusu kinalazimishwa kuingia mahali pa milimita 1. Lazima kimoja kikubali kushindwa. Ekru ni ya chuma kigumu. Pistoni imetengenezwa kwa aluminyumu, ambayo ni laini zaidi. Kwa hiyo pistoni ndiyo inayoumia kwanza.

Hivi ndivyo tulivyoona juu ya meza ya fundi: pistoni moja ina mashimo juu, kama udongo uliopigwa na mvua ya mawe. Supapu mbili zimepinda. Kulasi ina makovu. Ukuta wa silinda una mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo ni mibaya kwa sababu inaacha mafuta kupanda na nguvu kutoroka. Ekru yenyewe ilikuwa imekuwa kama sarafu, imebonyea, pembe zake sita hazionekani tena. Fundi alituambia pia kwamba tulikuwa na bahati: vipande vingeweza kuingia katika silinda nyingine, au kutoka na moshi na kuharibu vitu huko mbele.

Matengenezo yalikuwa haya: kushusha kulasi na kuipeleka kwa fundi wa mashine ili isawazishwe, kununua pistoni na pete zake, supapu mbili, na joint ya kulasi, maana ile iliyokwisha kufunguliwa hairudishwi, kusafisha silinda, kumwaga mafuta yote ya moteri na kuweka mapya pamoja na filtre yake, sababu unga wa chuma uliingia ndani. Majuma matatu gari halikutembea. Wamama walipanda pikipiki kwa bei kali, wengine walichukua mtumbwi wa moteri, wengine walikaa nyumbani na sambaza zao wakazianika.

Ingegharimu nini kama kijana angesema mara moja?

Hapa ndipo panapouma. Tulimuuliza fundi mwingine, mzee mwenye uzoefu wa miaka mingi, “Kama mtoto angepaza sauti pale pale, mngefanya nini?” Alicheka kidogo, akachukua kijiti chenye sumaku kwenye ncha. “Mama, ningeingiza hiki ndani ya bomba. Labda nusu saa. Tungekunywa chai na kuendelea.”

Alitueleza njia zote, kuanzia rahisi mpaka ngumu, nasi tunaziandika hapa ili shofere na vijana wetu wazijue:

Kwanza, moteri isizungushwe hata kidogo. Usiguse ufunguo. Usisukume gari liwake. Usizungushe hata kwa mkono. Kitu kikiwa kimelala kimya, hakiharibu chochote. Uharibifu unaanza wakati pistoni inapotembea. Fundi atoe nyaya ya batri ili mtu mwingine asije akawasha bila kujua.

Pili, itafutwe kwa mwanga. Mara nyingi ekru haikuingia ndani. Imekaa pembeni ya moteri, juu ya bati la chini, au imeruka mpaka sakafuni. Mtu apige tochi kila upande kabla ya kufungua kitu chochote. Lakini mpaka ionekane, tunahesabu kwamba iko ndani.

Tatu, sumaku. Inavuta chuma, lakini haivuti aluminyumu wala shaba. Kwa vitu hivyo, fundi anapaka grisi nzito kwenye ncha ya waya au kijiti, kitu kinanata, kinapanda nacho. Wengine wanatumia mpira mwembamba uliofungwa kwenye mashine ya kuvuta vumbi. Garaji zenye uwezo zina kamera ndogo inayoingia ndani ya tundu.

Nne, kama kitu kiko katika bomba la hewa, lifunguliwe lote. Ni kazi ya saa chache.

Tano, kama kimefika ndani ya silinda na hakitoki, kulasi ishushwe. Ni kazi ya siku nzima na joint mpya. Inauma mfukoni, ndiyo. Lakini pistoni, supapu na silinda zinabaki nzima.

Jambo hili si la filtre ya hewa peke yake. Moteri ya mafuta ya esansi ina tundu la buji, na ya mazuti ina tundu la injekteri. Yote mawili yanafika moja kwa moja ndani ya silinda, na chochote kilicholala pembeni yake kinaanguka ndani buji ikitolewa. Kwa hiyo fundi mzuri anapuliza vumbi na changarawe kwanza, kisha anafungua. Kitambaa anachoziba nacho tundu lazima kihesabiwe pia. Kitambaa kilichosahauliwa ndani ya bomba la hewa kinavutwa sawasawa na ekru.

Na mashine zetu za kusaga zina hatari hiyo hiyo. Msumari mmoja katika gunia la mihogo ukiingia kati ya nyundo za mashine, unapasua chekecheo na unaacha vipande vya chuma ndani ya unga wa watoto. Mama anayesimama kwenye mdomo wa mashine apepete kwanza, amwage pole pole, asimwage gunia lote kwa haraka.

Kwa nini mtoto alinyamaza?

Turudi kwa kijana. Siku ya pili, fundi mkubwa alipokuta ile ekru iliyobonyea, alianza kuuliza, na kijana akalia, akasema yote. Tukamuuliza kwa upole kwa nini hakusema siku ya kwanza. Alijibu kwamba siku chache mbele, mwenzake alipoteza ufunguo, akapigwa mbele ya wateja na akakatwa pesa ya chakula juma zima. “Nilifikiri labda haitafika ndani,” akasema.

Sisi walimu tunalijua jibu hili. Tunalisikia darasani kila mwaka. Mtoto amevunja kioo, amepoteza kitabu cha shule, hakuelewa hesabu tangu mwezi wa kumi. Ananyamaza mpaka siku ya mtihani. Akichekwa au akipigwa kila anaposema ukweli, anajifunza haraka: ukweli unauma leo, uongo utauma labda kesho. Anachagua kesho. Wahenga walisema, mficha maradhi, kilio humfichua. Garajini kilio ni ule mlio wa ta, ta, ta.

Katika mkutano wa vikundi vyetu vitatu, maneno yalikuwa makali. Mwenye garaji alitaka kumfukuza kijana. Mama mmoja akasema kijana alipe kila kitu, hata akifanya kazi miaka. Hasira yake ilikuwa na haki: alikuwa ameweka pesa ya kulipia mtoto wake shule ndani ya gari lile. Mama mwingine, mzee, akasimama akasema: “Mkimfukuza huyu kwa sababu alisema, hata kama alisema kuchelewa, yule atakayekuja nyuma yake hatasema kabisa. Na sisi tutarudi katika garaji hiyo hiyo na gari hilo hilo.” Watu wakanyamaza.

Baada ya mabishano marefu tulipatana hivi: mwenye garaji hakutulipisha kazi ya mikono, vikundi vikalipa vyuma, na kijana akabaki. Akapewa kazi moja ya kudumu: kila gari likifunguliwa, yeye anahesabu buloni na ekru zinazotoka, anaziweka katika sahani moja, na anahesabu tena kabla kifuniko hakijafungwa. Isipotimia hesabu, gari haliwashwi, hata kama mteja anapiga kelele.

Kuhesabu kwa sauti

Wengine walicheka sahani ile. Lakini kazi kubwa za dunia zinafanya hivyo hivyo. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji. Kabla mgonjwa hajatolewa chumbani, muuguzi anasema kwa sauti kwamba vyombo, kompresi na sindano zimehesabiwa na zimetimia. Hakuna anayeona daktari amedharauliwa kwa kuhesabiwa vyombo vyake. Wanajua mkono wa mtu unachoka.

Ndege nazo ziko chini ya sheria ya namna hiyo. Fundi wa ndege anahesabu vyombo vyake kabla na baada ya kazi, na njia ya kurukia inakaguliwa ili chuma kisibaki juu yake. Sababu yake dunia iliiona tarehe 25 mwezi wa saba mwaka 2000 mjini Paris. Ndege moja iliangusha kipande chembamba cha madini, urefu wake sentimita kama 43, juu ya njia ya kurukia. Dakika chache nyuma yake, ndege ya Concorde ilikikanyaga. Gurudumu likapasuka, kipande cha mpira kikapiga tanki ya mafuta, moto ukawaka. Watu wote 109 waliokuwa ndani walikufa, na wengine 4 waliokuwa chini.

Na sisi wamama tumezoea zamani kazi hii. Katika MUSO, hakuna anayefunga kasha ya kijani au nyekundu kimya kimya. Pesa inahesabiwa mbele ya wote, kwa sauti, mwandishi anaandika, kisha funguo zinageuzwa. Ikikosekana hata noti moja, tunakaa mpaka ionekane. Hatumwambii mama mtunza pesa kwamba ni mwizi, tunamsaidia kutafuta. Tuombe garaji ifanye kwa moteri yetu kile tunachofanya kwa pesa yetu.

Mama afanye nini garajini?

Mama hahitaji kujua kutengeneza gari ili aulize maswali mazuri. Kikundi chochote chenye gari, pikipiki au mashine kiandike haya katika daftari lake, na shofere ayabebe:

Kabla ya kazi: nani atafungua, fundi au anayejifunza? Kama ni anayejifunza, nani atakagua kabla ya kufunga?

Wakati wa kazi: sahani ya ekru iko wapi? Tundu lililofunguliwa limezibwa kwa kitambaa safi?

Kabla ya kuwasha: hesabu imetimia? Kuna ekru iliyobaki, au iliyokosekana? Ekru iliyobaki ni swali kama ile iliyokosekana.

Baada ya kuwasha: fundi na shofere wasikilize moteri pamoja, kisha watembeze gari kidogo karibu na garaji, bila mizigo na bila watu. Mlio wa chuma ukitokea, popote ulipo, zima mara moja. Kuvutwa kwa kamba ni aibu ndogo. Kuendelea mpaka moshi utoke ni hasara kubwa.

Na kwa mama mwenye kijana garajini, awe mtoto wake au wa dada yake, tunaomba jambo moja zaidi. Jioni akirudi na mikono myeusi, usimuulize tu, “Umepewa pesa ngapi?” Muulize pia, “Leo kuna kitu kilianguka?” Akisema ndiyo, msikilize mpaka mwisho kabla ya kufungua mdomo. Kisha umsindikize kesho asubuhi kwa fundi wake, mkaseme pamoja. Mtoto aliyesindikizwa mara moja hivyo, mara ya pili ataenda peke yake.

Katika mikutano ya juma lijalo, kila kikundi kitasoma maswali haya kwa sauti, na mashofere wetu watakuwepo. Mama mwenye daftari la kikundi ayaandike siku hiyo hiyo, na karatasi ya pili ipelekwe garajini, ibandikwe ukutani juu ya meza ya kazi, mahali ambapo hata kijana mdogo anaweza kuisoma.